Je, Wajua? Magari Makuukuu, Kamera na Mikono ya Fundi

Je, wajua kwamba katika vipindi vya televisheni vya kufufua magari makuukuu kuna gharama moja ambayo mara nyingi haiingizwi kwenye hesabu? Ni ujira wa fundi. Chukua Wheeler Dealers, kipindi cha Uingereza kilichoanza kuonyeshwa mwaka 2003. Mike Brewer ananunua gari lililochoka, fundi analifungua na kulitengeneza, gari linauzwa, kisha zinatajwa namba: bei ya kununulia, gharama za spea, bei ya kuuzia na faida. Saa za fundi hazimo. Zingeingizwa kwa viwango vya gereji za Uingereza, faida nyingi kati ya hizo zingeyeyuka. Ukija gereji za kando ya barabara pale Kibaigwa, hesabu inapinduka: spea ndiyo inayomtoa jasho mwenye gari, ujira ndio unaopunguzwa mpaka senti ya mwisho. Huku na kule, aliyeshika spana ndiye anayekumbukwa mwisho, na ndiyo maana safu ya leo ni yake.

Je, wajua Kibaigwa iko wapi? Ni mji mdogo wa wilaya ya Kongwa, kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Dodoma, ukishapita Gairo. Wengi wanaufahamu kwa soko lake la kimataifa la mahindi. Penye mahindi pana malori, na penye malori pana mafundi: wa injini, wa umeme, wa springi, wa kuchomelea, wa kuziba pancha. Fuso tandamu likikwama njiani msimu wa mavuno, mahindi yaliyokwisha kupimwa na kulipiwa yanakwama nalo. Hapo hakuna anayefufua mkweche kwa kujifurahisha. Gari linafufuliwa kwa sababu kesho lina mzigo.

Je, wajua kwamba mradi mkubwa uliotegemea kufufua mitambo chakavu ulifanyika wilaya hiyohiyo ya Kongwa? Haukuwa wa televisheni. Ulikuwa Mpango wa Karanga wa serikali ya Uingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alitoa wazo la kulima karanga Tanganyika kwa mashine, na lengo likapangwa kuwa ekari zaidi ya milioni 3. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Matrekta mapya hayakupatikana, kwa hiyo yakanunuliwa masalia ya jeshi, mengine yakitoka Ufilipino, yakiwa yamekwisha kutumikishwa na kuachwa.

Kilichofuata anakifahamu kila fundi aliyewahi kuletewa gari la bei ya kutupa. Kufikia mwishoni mwa kiangazi cha mwaka huohuo wa 1947, theluthi mbili ya matrekta yalikuwa hayafai kazi. Vichaka vya Kongwa vina mizizi migumu. Udongo wake una mchanga unaosaga chuma kama msasa, na jua likishaupiga baada ya mvua unakuwa mgumu kama saruji, wakati karanga zinahitaji udongo laini ili ziweze kung'olewa. Karakana zilikuwa zinajengwa huku mashine zikiharibika, na spea zilitoka ng'ambo kwa meli. Mpango ukafutwa Januari 1951 baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36.

Na wajua kwamba katika mpango huo vifaru vya vita viligeuzwa matrekta? Kampuni ya Vickers-Armstrongs ya Uingereza ilichukua vifaru vya Kimarekani aina ya Sherman, ikavitoa mzinga na deraya, ikaunda trekta la minyororo lililopewa jina la Shervick. Wazo lenyewe halikuwa baya. Chuma kilikuwepo, na injini ilikuwa na nguvu. Lakini kifaru kiliundwa kwenda mbio vitani, wala si kuvuta jembe polepole kutwa nzima juani. Somo hilo mafundi wetu wanalo vidoleni. Ukifunga injini ya basi dogo kwenye lori la mchanga, itawaka na itaondoka, ila baada ya muda mfupi utarudi gereji kufungua tena.

Vichaka vya Kongwa viliangushwa kwa minyororo mizito. Matrekta mawili yalikwenda sambamba yakiburuta mnyororo mmoja katikati, na miti ikalala chini. Katika mambo mengi yaliyoshindikana pale, hilo lilifanya kazi.

Je, wajua kwa nini gari la zamani hudumu zaidi Dodoma kuliko Dar es Salaam? Kutu. Uwanda wa kati hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na inanyesha kwa miezi michache tu. Hewa ni kavu na bahari iko mbali. Pwani chumvi iliyomo hewani inaila bodi usiku na mchana. Ulaya hali ni mbaya zaidi, kwani wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu, na ndiyo sababu vipindi vyao vinatumia muda mwingi hivyo kukata mabati yaliyooza chini ya milango na kuchomelea mapya. Kwetu adui ni jua. Linapasua dashibodi, linakausha raba za milango, linafifisha rangi ya boneti mpaka inakuwa nyeupe kama unga. Bodi inabaki nzima huku kila kitu cha raba na plastiki kikiwa kimekufa.

Je, wajua kwamba bodi za Land Rover za kwanza hazikutengenezwa kwa bati la chuma? Gari hilo lilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa na upungufu wa chuma baada ya vita, lakini aluminiamu ilikuwepo, ikabidi itumike hiyo. Bahati ya vita ikawa bahati yetu: aluminiamu haishiki kutu ile ya chuma, inanyooshwa kwa nyundo ndogo, na ndiyo maana hadi leo utakutana na Land Rover 109 ya miaka ya 1960 ikipakia abiria na mbuzi kwenye njia za vumbi. Kinachooza ni chesisi, ambayo ni ya chuma. Kwa hiyo ukienda kununua, usidanganywe na rangi. Lala chini, gonga chesisi kwa bisibisi, sikiliza sauti.

Arusha waliliona gari hilo kwa wingi Oktoba 2024, lilipofanyika tamasha la Land Rover lililokusanya magari hayo kutoka pembe nyingi za nchi na nchi jirani, kwa nia ya kuvunja rekodi ya dunia ya msafara wa Land Rover. Niliyoyapenda ni yale yaliyofika yakiwa na milango ya rangi tofauti. Hayo yametengenezwa na watu wanaoyategemea.

Wajua kwamba mwaka 2003 kipindi cha Top Gear cha BBC kilijaribu kuiua Toyota Hilux ya mwaka 1988 iliyonunuliwa kwa pauni 1,000? Ilikuwa imetembea zaidi ya kilomita 300,000. Wakaizamisha baharini, wakaigongesha, wakaichoma moto, mwishowe wakaiweka juu ya jengo la ghorofa nyingi na kulilipua jengo lile. Baada ya kila pigo fundi aliruhusiwa vifaa vya kawaida tu, bila spea mpya, na kila mara iliwaka. Mashabiki husimulia habari za gari. Mimi namwangalia fundi yule aliyeirudisha injini ya dizeli katika uhai akiwa na spana na mafuta ya kupenyeza. Kila dereva wa Hilux kati ya Kibaigwa na Mpwapwa anamfahamu mtu wa namna hiyo.

Kipindi hichohicho kilifika Afrika kwa magari ya bei ndogo zaidi ya mara moja. Mwaka 2007 watangazaji watatu walivuka Botswana kwa magari yasiyozidi pauni 1,500 kila moja. Richard Hammond alikuwa na Opel Kadett ya 1963, akaiita Oliver. Ilizama mtoni, ikakaushwa, ikafika mwisho wa safari, na Hammond akaisafirisha hadi kwake Uingereza akaitengeneza upya. Mwaka 2013 wakaja kwetu. Kwa bajeti ileile ya pauni 1,500, wakiwa na BMW, Volvo na Subaru zilizotumika, walianzia Uganda, wakapita Rwanda na kuingia Tanzania wakitafuta chanzo cha Mto Nile.

Na je, wajua kwamba mmoja wa mafundi maarufu zaidi wa televisheni aliacha kazi kwa sababu ya kutetea sehemu ya gereji? Edd China, yule bwana mrefu wa glavu za rangi ya chungwa, alifanya Wheeler Dealers tangu ilipoanza. Machi 2017 akatangaza kujiondoa. Kwa maelezo yake, waandaaji wapya waliona picha za gereji ni ngumu mno kuzitengeneza na walitaka zipunguzwe. Fikiria hilo. Ni kipindi cha kutengeneza magari, na kinachoonekana kizito ndani yake ni kutengeneza gari. Hata hivyo watazamaji wengi walikuwa wakikaa mbele ya runinga hasa kwa ajili ya dakika zile anapoeleza, taratibu, kwa nini klachi inateleza.

Pimp My Ride ya MTV, iliyoanza 2004 ikiongozwa na msanii Xzibit, ilikwenda njia nyingine kabisa. Gari bovu la kijana wa Los Angeles lilirudi likiwa na rangi ya kung'aa, spika kubwa na runinga kwenye buti. Miaka ya baadaye baadhi ya waliotengenezewa walisema hadharani kwamba vitu vingine viliondolewa baada ya kurekodi, na kwamba matatizo ya injini yalibaki palepale. Kwa lugha ya gereji, lilipigwa rangi tu.

Tofauti na hicho ni Car SOS ya National Geographic, iliyoanza 2013. Tim Shaw na Fuzz Townshend wanalichukua kwa siri gari la mtu aliyekwama kwa ugonjwa au shida nyingine, kwa msaada wa ndugu zake, kisha wanalirudisha likiwa zima. Fuzz huyo aliwahi kuwa mpiga ngoma wa bendi ya Pop Will Eat Itself kabla hajajulikana kwa spana. Kama ungeniuliza ni muundo upi unaofaa kuigwa hapa, ningetaja huu. Hakuna familia ya Kibaigwa isiyo na baba mdogo mwenye gari lililokaa juu ya matofali tangu alipoumwa.

Je, wajua kwamba mshindi wa mbio za magari za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1965 aliendesha gari lililokuwa limekwisha kutumika? Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyejifunza ufundi katika gereji ya baba yake, alinunua Volvo PV544 iliyokuwa imeshiriki Safari ya mwaka uliotangulia, akaitengeneza upya, akaiendesha na mdogo wake Jaswant, wakawashinda watu wa viwanda vyenye fedha. Umbo la gari hilo lilikuwa la miaka ya 1940, na kiwanda kilikuwa kinafunga uzalishaji wake mwaka huohuo. Joginder alishinda tena 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Colt Lancer. Ni hadithi ya gereji kwanza, ya mbio baadaye.

Miaka miwili iliyofuata ushindi wa Volvo ile, 1966 na 1967, taji lilikuja Tanzania: Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, na Chris Rothwell, wakiwa ndani ya Peugeot 404. Wazee waliokuwa na 404 hawajasahau. Tangu 2003 kuna Safari ya magari ya zamani, East African Safari Classic, na huko magari ya rika hilo yanaonekana tena yakitimua vumbi, ingawa gharama ya kuliandaa moja sasa iko mbali na mfuko wa fundi wa kawaida.

Nairobi, tangu 1970, kuna pia Concours d'Elegance, mashindano ya gari lililotunzwa vizuri zaidi. Huko waamuzi huchungulia hadi chini ya gari.

Je, wajua kwamba sheria zinalitendea gari kuukuu tofauti sana kati ya nchi na nchi? Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda, kwa sheria ya 2018, iliweka ukomo wa miaka 15. Tanzania haijafunga mlango, ila gari la zamani likifika bandarini linatozwa ushuru wa ziada kwa uchakavu wake. Uingereza ni kinyume: gari likivuka miaka 40 bila kubadilishwa sana husamehewa ukaguzi wa kila mwaka, na kodi ya barabara pia. Huko uzee wa gari ni heshima kwa sababu ni la Jumapili. Kwetu gari la miaka 40 linaweza kuwa njiani usiku huu na tani kadhaa za mahindi mgongoni, na hapo sikubaliani na wanaosema ukaguzi ni usumbufu. Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani isiwe ya stika peke yake. Breki za upepo zivuliwe ngoma, mabomba yatazamwe, kiungo cha usukani kitikiswe kwa mkono. Kuziba tangi linalovuja kwa sabuni ya mche ni akili nzuri ya kufika gereji. Kuendelea nalo hivyo mwezi mzima ni kuhatarisha watu.

Je, wajua kwamba Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, na Tanzania Bara ikasubiri hadi 1994? Kizazi cha mafundi waliozeekea kwenye Bedford na Leyland Albion kilifanya kazi yake yote bila kamera. Walivyotengeneza gasketi kwa karatasi ngumu, walivyochonga bushi kutoka kwenye chuma cha mabaki enzi ambazo spea hazikuagizika, hakuna filamu inayoonyesha. Wapo waliofariki na ujuzi huo. Kijana anayejifunza gereji leo ana simu mfukoni, na simu hiyo inatosha kurekodi mzee anavyoweka taimingi ya pampu ya dizeli kwa kusikiliza. Arekodi tu, na aseme jina la mzee mwanzoni.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa upande wake ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia chini ya mti anapimwa kwa kile anachokiweza, anapewa cheti bila kurudi darasani miaka mingi. Kwa fundi wa Kibaigwa cheti hicho kinaweza kumsaidia kupeleka bei kwenye halmashauri au kampuni, na kuandika ujira wake kwenye karatasi, mstari wake peke yake, chini ya spea.

Na la mwisho, kwa anayefikiria kununua mkweche na kuufufua. Je, wajua namba iliyoandikwa juu ya pistoni inakuambia umri wa injini vizuri kuliko kadi ya gari? Injini nyingi za Kijapani zikilika silinda, huchongwa zikapanuliwa na kufungwa pistoni kubwa zaidi: kwanza 0.25, halafu 0.50, 0.75, hadi milimita 1.00. Ukikuta 0.25, injini ina maisha mengi mbele. Ukikuta 1.00, ukuta wa silinda umefika mwisho, na safari ijayo itabidi zitiwe laina mpya. Scania nyingi hazina shida hiyo kwa sababu laina zake huchomolewa na kuwekwa nyingine bila kuchonga bloku. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwombe fundi afungue silinda hedi, asugue uso wa pistoni kwa kitambaa chenye dizeli mpaka masizi yatoke, akusomee namba. Kazi hiyo inachukua nusu siku na inakula gasketi moja. Umlipe nusu siku yake, hata kama gari hutalinunua.